Ini Lina Mafuta, Kwa Nini Daktari Ananiuliza Habari za Moyo?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, naishi Muheza. Mwezi uliopita nilipigwa altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Majibu yalisema ini lina mafuta, daraja la pili. Sijawahi kuonja pombe, ingawa mke wangu alipoliona neno «ini» alinitazama kwa jicho baya. Daktari, badala ya kunipa dawa ya ini, alinieleza habari za moyo kwa dakika 20, akaniandikia dawa ya presha na atorvastatini ya miligramu 20, dawa ya kupunguza lehemu (kolesteroli). Shemeji yangu kanionya kwamba dawa za lehemu zinaua ini, akaniletea chupa ya mitishamba isiyo na lebo, ya kulisafisha. Za hospitali sijazianza. Nimeacha nyama na mafuta yote. Nakula ugali, wali wa maji, mboga za kuchemsha na juisi ya machungwa glasi tatu kwa siku. Je, nimefanya sawa? Moyo unaingiaje hapa? Na watoto wangu wapime? Mkubwa ana miaka 34, ni dereva wa lori, na ana kitambi kama changu. Vipimo vyangu nimeviambatanisha.

Jibu: Shikamoo Mwalimu.

Karatasi zako nimezipitia moja baada ya nyingine, na barua nimeisoma mara mbili. Kabla ya maelezo nakuomba mambo mawili. Ile chupa ya shemeji iweke kando leo. Na wiki hii hii rudi kwa daktari wako, umwambie ukweli kwamba dawa zake bado zimo kwenye pakiti. Kwa maoni yangu huyo daktari amekutendea haki kuliko unavyodhani. Dakika 20 za kuzungumzia moyo mbele ya mtu mwenye ini la mafuta ni dakika ambazo wagonjwa wengi hawazipati, na wengine huja kuzihitaji wakati kiharusi kimeshapita.

Tuanze na picha yenyewe. Mpimaji alipokupaka ile jeli ya baridi na kukuwekea kifaa ubavuni, kwenye skrini aliona ini na figo ya kulia zikiwa zimepakana. Kwa mtu asiye na tatizo, rangi za viungo hivyo viwili hukaribiana, kijivu kwa kijivu. Mafuta yakijaa, ini hung'aa likawa jeupe na figo ikabaki nyeusi kando yake. Katika daraja la kwanza ini limeng'aa tu. Katika la pili, ambalo ni lako, kingo za mishipa midogo iliyomo ndani ya ini zimeanza kufifia, kama barabara inayotazamwa kwenye ukungu wa asubuhi. Katika la tatu hazionekani kabisa. Ukitaka kulielewa kwa macho ya kawaida, pita buchani. Ini zuri la ng'ombe ni jekundu la kukoza, kingo zake kali, na kisu kinapita safi. Ini lililojaa mafuta huwa na umanjano, limevimba, kingo zimeviringika, na huacha utelezi kwenye kisu.

Lakini shika jambo hili, maana wengi hulikosea: daraja la altrasaundi linaeleza mafuta ni mengi kiasi gani. Halielezi ini limeumia kiasi gani. Kuna mwenye daraja la tatu ambaye ini lake halina kovu hata moja, na kuna mwenye daraja la kwanza ambaye makovu yameshaanza. Hilo la makovu nitalirudia, kwa sababu namba za kulikisia tayari unazo mkononi.

Kuhusu pombe, umeniandikia kwamba mkeo alipoliona neno «ini» alikutazama kwa jicho ambalo hukulipenda. Mwonyeshe aya hii. Karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu duniani ana mafuta kwenye ini, na wengi wao pombe si chanzo. Kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa kwa jina la kukanusha, ini lenye mafuta yasiyotokana na pombe, kana kwamba kila mgonjwa lazima kwanza ajitetee. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini vilikubaliana kulibadili jina hilo. Sasa ugonjwa unatajwa kwa kiini chake, yaani kuvurugika kwa namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Na ili mtu ahesabiwe kuwa nao, mbali na mafuta yenyewe, anatakiwa awe na angalau moja kati ya haya matano: uzito uliozidi au kiuno kilichopita sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, sukari iliyoanza kupanda, presha kuanzia 130 kwa 85, traigliseridi, yaani mafuta ya damu, kuanzia 1.7, au lehemu nzuri, ile inayoandikwa HDL, iliyoshuka hadi 1.0 au chini yake kwa mwanamume, 1.3 kwa mwanamke.

Yatazame tena hayo matano, Mwalimu. Hakuna hata moja la ini. Yote ni maswali ambayo daktari wa moyo angekuuliza ukikaa mbele yake. Sasa chukua karatasi zako: kiuno 104, sukari ya kufunga 6.4, presha 148 kwa 92, traigliseridi 2.6, HDL 0.9. Unayo yote matano. Ndiyo maana daktari wako alipoiona picha ya ini aliufikiria moyo.

Moyo unaingiaje? Ini ndilo duka la jumla la mwili. Karibu kila kinacholiwa kinapitia kwake. Linapokea, linapanga, linafunga vifurushi na kuvisambaza kwa damu. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, ile homoni inayodhibiti sukari, na kitambi ndicho kinachochochea sana usugu huo, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja. Kwanza, akiba ya mafuta iliyoko tumboni inavuja mchana na usiku, na mafuta hayo yanaishia kwenye ini. Pili, ini halisikii tena amri ya kuacha kutengeneza sukari, kwa hiyo linaendelea kuimwaga kwenye damu hata wewe ukiwa umelala. Hiyo 6.4 uliyoamka nayo bila kula chochote, sehemu kubwa ilitoka huko. Bado si kisukari, lakini umefika mlangoni.

Duka likijaa, mwenye duka hutafuta pa kupeleka mzigo. Ini huufungasha kwenye vifurushi vikubwa vya mafuta na kuvisukumia kwenye damu. Hivyo ndivyo vinavyosomeka kama traigliseridi. Vifurushi hivyo vikiwa vingi huvuruga vingine vyote. Lehemu nzuri hupungua. Lehemu mbaya, LDL, hugeuka kuwa chembe ndogo ndogo nzito ambazo hupenya kirahisi kwenye kuta za mishipa na kukaa humo muda mrefu. Traigliseridi juu na HDL chini kwa pamoja, kama zako, ndiyo alama ambayo ini la namna hii huiacha kwenye damu. Juu ya hayo, ini lenye mafuta na uvimbe hutengeneza kwa wingi protini za uchochezi na zile zinazoifanya damu igande upesi. Mshipa wa moyo ulioanza kuziba, ukikutana na damu iliyo tayari kuganda, hapo ndipo mtu anashika kifua.

Haya si mambo ya nadharia tu. Mwaka 2021 yalichapishwa majumuisho ya tafiti 36 zilizohusisha watu zaidi ya milioni 5.8. Wenye ini la mafuta walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, kwa asilimia 45 hivi, kuliko wasio nalo. Kwa wale ambao ini lao lilishapata makovu mengi, hatari ilifika mara mbili na nusu. Na ukiwafuatilia wagonjwa hawa kwa miaka, kinachowaua wengi zaidi ni moyo na mishipa ya damu, kuliko ini lenyewe. Wapo wanaofikia ini kusinyaa na saratani, siwasahau. Lakini ni wachache. Mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kilitoa tamko maalumu kuwakumbusha madaktari kwamba ini lenye mafuta ni jambo la moyo pia.

Hapa msomaji makini kama wewe atauliza: je, ini ndilo linaloumiza moyo, au vyote viwili vinaumizwa na adui mmoja? Ni swali zuri. Kuna watu waliozaliwa na tofauti fulani za vinasaba zinazolifanya ini lishikilie mafuta badala ya kuyatoa. Maini yao hujaa, hata kupata makovu, lakini kwa kuwa mafuta hayatoki kwenda kwenye damu, mioyo yao haiumii kwa kiwango hicho. Baadhi yao wana afueni ya moyo kuliko watu wengine. Kwa hiyo mafuta kukaa kwenye ini peke yake hayatoshi kuelezea kila kitu. Chenye sumu kwa moyo ni ini linalojaa huku likimwaga, ndani ya mwili wenye kitambi, presha na sukari. Naamini, na hii ni hukumu yangu baada ya kuona wagonjwa wengi, kwamba kwa mtu mwenye traigliseridi 2.6 na HDL 0.9 mjadala huo haubadilishi tiba. Lako ni ini linalomwaga.

Sasa makovu. Kuna hesabu moja ambayo daktari yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu, inaitwa FIB-4, na kwa kuwa ulikuwa mwalimu nitaifanya mbele yako. Unachukua umri, unazidisha na AST, kimeng'enya kimoja cha ini, ambacho kwako ni 36. Miaka 61 mara 36 ni 2,196. Kisha unachukua chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwako ni 230, unazidisha na kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini. ALT yako ni 49, kipeuo chake cha pili ni 7, kwa hiyo 230 mara 7 ni 1,610. Gawanya 2,196 kwa 1,610, unapata 1.36. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo sana. Juu ya 2.67 lazima umwone bingwa wa ini haraka. Katikati ni eneo la kuchunguza zaidi, na wewe umevuka mstari kwa nywele. Usiogope, kwa sababu umri wenyewe huipandisha hesabu hii, hata kwa walio na zaidi ya miaka 65 mstari husogezwa hadi 2.0. Ila usikae kimya. Mwombe daktari akuelekeze kwenye hospitali ya rufaa yenye mashine ya kupima ugumu wa ini. Hailazi mtu wodini wala haitobi; unalala chali, inagonga ubavu taratibu na kutoa namba. Ikitoka chini ya 8, unapumua.

Nisingependa upotoshwe na ALT. Wapo wenye ALT ya kawaida kabisa na ini limejaa mafuta na makovu. Na kwa kuwa tuko Tanzania, pima homa ya ini B na C kama bado hujapima. Mtu anaweza kuwa na mafuta na kirusi kwa wakati mmoja, na hapa kwetu kirusi B si mgeni.

Nifike kwenye dawa ambayo shemeji ameitilia shaka. Sitamlaumu, maana maneno hayo yalianzia kwetu sisi madaktari. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliogopa kuwaandikia statini, yaani kundi la dawa za lehemu ambamo atorvastatini yako imo, watu ambao vimeng'enya vya ini vimepanda. Halafu tukaanza kuangalia kinachotokea hasa. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walichapisha matokeo ya wagonjwa 437 wa mishipa ya moyo ambao vipimo vyao vya ini vilikuwa juu kiasi, wengi wao wakidhaniwa kuwa na ini la mafuta. Katika wale waliopewa statini, waliopatwa na matukio ya moyo na mishipa walikuwa 10 katika kila 100. Katika wale wasiopewa, walikuwa 30 katika kila 100. Na vipimo vya ini vya waliokuwa wakimeza dawa vilishuka, wakati vya wenzao vilizidi kupanda.

Maana yake ni kwamba watu waliokosa dawa hiyo ndio walioumia zaidi, moyo na ini pia. Hili linaniuma kila nikutanapo na mgonjwa aliyeambiwa mtaani aache.

Statini inafanya kazi ndani ya ini. Inapunguza lehemu ambayo ini hujitengenezea, na ini likikosa, huinyakua LDL iliyoko kwenye damu. LDL yako ni 3.9, kwa mtu mwenye yale matano yote, hiyo ni kubwa. Zipo hali ambazo tunaiepuka, mfano ini lililoshindwa kabisa, mtu ana maji tumboni na macho ya manjano. Wewe hauko huko. ALT inaweza kupanda kidogo mwanzoni kisha ikatulia. Ukipata maumivu makali ya misuli yasiyoelezeka au mkojo kuwa mweusi kama kahawa, acha kuimeza na umwone daktari siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa unaishi kwenye nchi ya machungwa: balungi lina kemikali inayoifanya atorvastatini ijazane mwilini. Chungwa na chenza havina shida hiyo. Balungi acha.

Ile chupa haina lebo, umesema mwenyewe. Hakuna ajuaye kilichomo wala kipimo chake, na baadhi ya mimea ya dawa inajulikana kuumiza ini vibaya. Nimewahi kuwalaza wodini watu waliokuwa na ini la mafuta tu, ambao wangeishi nalo miaka 30, wakaletwa macho yakiwa manjano baada ya wiki chache za kulisafisha. Ini halina uchafu unaooshwa kwa kitu cha kunywa. Kama umeshaanza kuinywa, ipeleke hospitali kama ilivyo, na vipimo vya ini virudiwe kabla ya lolote. Shemeji mshukuru, maana alikuja kwa upendo.

Tuje kwenye chakula, na hapa ndipo nina huzuni kidogo, kwa sababu umejitesa sana upande usio wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walifuatilia mafuta yaliyomo kwenye maini ya wagonjwa kama wewe ili wajue yametoka wapi. Asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili. Asilimia 26 ini lenyewe liliyatengeneza kutokana na wanga na sukari. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula yalikuwa asilimia 15 tu. Wewe umeifunga njia ya 15, halafu ukaipanua ile ya 26.

Ufaransa kuna chakula cha anasa kinachotengenezwa kwa ini la bata lililonona. Unajua bata hao hulishwa nini kwa nguvu mpaka maini yao yakue mara kadhaa? Mahindi. Hawanyweshwi mafuta. Ndege anashindiliwa mahindi, na ini lake linayageuza kuwa mafuta. Nikiona sahani yenye mlima wa ugali wa sembe na mboga kijiko kimoja pembeni, huwakumbuka bata wale.

Na juisi. Muheza mtu akija nyumbani hupewa machungwa kabla ya maji, najua. Chungwa zima sikukatazi: unalimenya, unatafuna na nyuzi zake, ukila mawili umetosheka. Lakini glasi moja ya juisi hukamua machungwa matatu au manne, nyuzi zimebaki kwenye chujio, na ndani yake mna sukari ya karibu vijiko vitano vya chai hata kama hukuongeza chembe. Glasi tatu ni vijiko 15 kwa siku. Tena sehemu ya sukari ya matunda, inayoitwa fruktosi, mwili huipeleka kwenye ini moja kwa moja, na ikizidi ndiyo inayogeuzwa mafuta kwa wepesi zaidi. Soda ni hivyo hivyo, juisi ya miwa ni hivyo hivyo, na chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, haiko mbali.

Kwa hiyo ningependa urudishe samaki mezani. Uko Tanga: vibua, dagaa, vya kuchemsha au kuchoma. Kunde, choroko na maharage ziwe za kila siku. Mchicha, matembele na bamia vichukue nusu ya sahani, na ugali, uwe wa dona, usizidi ngumi yako. Mafuta ya alizeti kijiko kwenye sufuria ya familia hayatakudhuru, na karanga kiganja kimoja ni rafiki wa moyo. Kuku asiye na ngozi ruksa. Tui zito la nazi liwe la siku ya wageni, kwa sababu mafuta ya nazi hupandisha LDL. Chumvi punguza kwa ajili ya presha, na isionekane mezani. Na kama unapita kijiweni jioni, kile kikombe kidogo cha kahawa chungu usikiache. Tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini. Kashata ndiyo uiache kwenye sinia.

Lengo lako liwe namba, siyo adhabu. Una kilo 88. Asilimia 5 ni kilo 4 na nusu hivi, na hapo mafuta ya ini huanza kupungua. Asilimia 7 ni kilo 6, hapo uvimbe huanza kutulia. Mwaka 2015 watafiti wa Havana, Kuba, walichapisha habari za watu 293 waliobadili mlo na kutembea kwa mwaka mzima, wakachukuliwa kipande cha ini mwanzo na mwisho. Katika waliopunguza asilimia 10 au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu makovu yao yalirudi nyuma. Makovu ya ini, Mwalimu, yalirudi nyuma bila kidonge. Waliofika huko walikuwa wachache, sikufichi. Kazi ni ngumu. Kwako ni kilo 9 ndani ya mwaka, chini ya kilo moja kwa mwezi. Usifunge kula siku nzima ili uwahi. Kukonda kwa ghafla sana kunaweza kuliumiza ini na kuleta mawe kwenye nyongo.

Tembea. Dakika 30, siku tano za wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hata mzani usipotikisika, mwendo peke yake hupunguza mafuta ya ini, na presha nayo hushuka. Kulima kunahesabika, kusimamia vibarua hakuhesabiki. Ila ukitembea ukahisi kifua kinabanwa, kinakuacha ukipumzika, usiendelee na mazoezi. Hilo ni la hospitali kabla ya lolote, na likija ukiwa umekaa, likapanda shingoni au mkono wa kushoto pamoja na jasho la baridi, ni la dharura.

Dawa ya presha imeze kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Tunataka iwe chini ya 140 kwa 90, na ukiivumilia, chini ya 130 kwa 80. Aspirini usijianzishie kwa kusikia kwamba inalainisha damu. Kwa mtu wa umri wako ambaye hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, hatari ya kutoka damu tumboni inaweza kuzidi faida. Daktari akuongezee kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kipimo cha figo na kipimo cha umeme wa moyo. Dawa mahususi za ini lenye uvimbe na makovu zimeanza kuidhinishwa Marekani, resmetiromu mwaka 2024 na semaglutidi mwaka 2025, lakini hizo ni kwa waliokwisha kupata makovu ya kiwango fulani, na bei yake ni nzito. Usiuze ng'ombe kuzitafuta. Ulizonazo kabatini, kwa hali yako ya leo, ndizo zinazokufaa.

Kuhusu watoto: ndiyo, jambo hili hukaa kwenye familia, kwa damu na kwa chungu mnachokula pamoja. Huyo wa lori ndiye ningependa aanze. Anakaa kwenye usukani kwa muda wa saa 10, anakula usiku stendi, soda ni ya kumkesha. Asikimbilie altrasaundi. Atafute zahanati yoyote apime presha na sukari ya kufunga, akipata nafasi na lehemu, na kiuno apimwe kwa tepe ya fundi cherehani, kwenye usawa wa kitovu, tumbo likiwa limeachiwa. Akipita 94, aje na karatasi zake. Na atakapokuja nyumbani, msikipime kiuno chake peke yake. Pimaneni wote wawili siku hiyo hiyo, namba ziandikwe kwenye daftari moja, na safari ijayo mlifungue tena.